Kwa nini Mwingereza hukwama Wimbledon, na namna ya kulijua mapema

Msomaji mmoja ameuliza: "Shikamoo mtaalamu. Kila Juni tunaambiwa mwaka huu Mwingereza atabeba kombe la tenisi la Wimbledon, na kila Julai tunahesabu waliotolewa. 2025 matumaini yangu yote niliyaweka kwa Jack Draper, akaondoka raundi ya pili. Uwanja ni wao, nyasi ni zao, mashabiki ni wao. Kwa nini inakuwa hivi? Na mtu anayefuatilia kwa simu tu atajuaje mapema nani wa kumwamini?"

Marahaba. Tuanze na hilo la "nyasi ni zao", maana ndilo linaloharibu hesabu ya wengi. Nyasi ni za Waingereza kwa anwani tu. Msimu mzima wa nyasi kwa wachezaji wa kulipwa ni kama wiki tano: Stuttgart na 's-Hertogenbosch, kisha Queen's pale London na Halle kule Ujerumani, kisha Eastbourne na Mallorca, halafu Wimbledon yenyewe wiki mbili. Miezi mingine ni sakafu ngumu na udongo. Hakuna hata shindano moja la ngazi ya Masters 1000, ile inayofuata chini ya mashindano makuu manne, linalochezwa kwenye nyasi. Zamani haikuwa hivyo. Marekani walichezea US Open kwenye nyasi mpaka 1974, Australia mpaka 1987. Mwingereza Fred Perry alipotwaa Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936, nyasi zilikuwa sakafu ya kawaida ya mchezo huu. Leo ni mgeni wa mwezi mmoja na ushei, kwa Mwingereza kama kwa Mserbia.

Mtoto anayejifunza tenisi Leeds au Glasgow anacheza wapi? Uwanja mgumu, ukumbi wenye paa wakati wa baridi, au nyasi bandia zilizojazwa mchanga. Nyasi halisi hufunguliwa miezi michache ya kiangazi, zinataka mtunzaji kila siku, na mvua ikinyesha zinafungwa. Kisha angalia wanaobeba bendera. Andy Murray wa Dunblane, Scotland, alikwenda Barcelona akiwa na miaka 15 akaundwa kwenye udongo. Cameron Norrie, aliyefika nusu fainali 2022, alizaliwa Johannesburg, akakulia New Zealand, akakomaa kwenye tenisi ya chuo kikuu huko Texas. Huyo Draper wako alipanda mpaka nambari 4 duniani kwa kutwaa Indian Wells kule California, ambako ni sakafu ngumu, na kufika fainali ya Madrid, ambako ni udongo.

Hapo pana mtego unaowakamata hata wachambuzi. Mpaka 2019 Wimbledon walikuwa na fomula yao ya kuwapanga wanaume 32 wa juu kabla ya droo, yaani kura ya nani anakutana na nani, na matokeo ya nyasi yalipewa uzito wa ziada. Tangu 2021 wanafuata orodha ya dunia moja kwa moja. Kwa hiyo ile nambari 4 iliyokuwa mbele ya jina la Draper ilikuambia hasa alivyocheza California na Madrid. Juu ya nyasi ilikuambia kidogo sana.

Nyasi zenyewe zinataka nini? Tangu 2001 viwanja vya Wimbledon hupandwa aina moja tu ya nyasi, raigrasi ya kudumu, asilimia 100. Kabla ya hapo ilikuwa raigrasi asilimia 70 na nyingine laini zaidi asilimia 30. Walibadilisha ili zistahimili kukanyagwa. Hukatwa kila siku wakati wa mashindano zibaki milimita 8, na udongo ulio chini hushindiliwa mpaka ukawa mgumu. Mpira ukigonga nyasi haushiki, unateleza. Kwenye udongo unasuguliwa, unapungua mwendo, kisha unapanda mpaka begani. Kwenye nyasi unabaki na sehemu kubwa ya kasi yake na kuja chini, mara nyingi kati ya goti na kiuno. Mchezaji aliyezoea kushika raketi kwa mshiko wa kugeuza kiganja chini sana, ule wa kuusokota mpira ili upande juu, anajikuta anauchota kutoka kwenye vifundo vya miguu. Mzungusho mrefu wa raketi nyuma nao unachelewa. Wanaofanikiwa hufupisha mzungusho, hupiga bapa, hutumia slaisi (pigo la kukata mpira kwa chini) ya mkono wa nyuma inayoburuta chini, na servisi yao, mpira wa kuanzisha pointi, humtoa mpinzani nje ya uwanja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni miguu. Siku za mwanzo nyasi ni mbichi, zina majimaji, na mstari wa nyuma ni kijani kitupu. Mchezaji anayekimbia kwa hatua ndefu kisha kufunga breki ghafla, kama kwenye sakafu ngumu, anaanguka. Ndivyo Serena Williams alivyotoka raundi ya kwanza 2021: aliteleza, akaumia, akaacha mechi. Kufikia wiki ya pili mstari wa nyuma umechakaa na kuwa kahawia, miguu inashika vizuri, mpira unapanda kidogo. Ni kama mashindano mawili ndani ya moja, na Waingereza wengi hutolewa katika lile la kwanza. Ukiwa unatazama, acha mpira kidogo uangalie viatu. Anayepiga hatua nyingi fupi kabla ya kugeuka anajua yuko wapi.

Mwingereza aliyejengeka kwa nyasi hasa alikuwa Tim Henman: servisi, kukimbilia wavuni, voli, yaani kuupiga mpira kabla haujagusa chini. Alifika robo fainali Wimbledon mara nane, na nne kati ya hizo akapita mpaka nusu fainali: 1998, 1999, 2001 na 2002. Wengi wanamkumbuka kama mtu aliyeshindwa, na mimi naona wanamwonea. Mara zote nne alitolewa na mtu aliyekwenda kutwaa kombe: Pete Sampras mara mbili, Goran Ivanisevic, kisha Lleyton Hewitt. Tena alikuwa anacheza mchezo ambao sakafu ilikuwa inaukimbia. Hewitt na David Nalbandian waliokutana fainali ya 2002 wote walikuwa watu wa mstari wa nyuma.

Ile ya 2001 inafaa kuangaliwa kwa karibu, maana ndipo penye jibu la "bahati" unalolisikia kila mwaka. Ivanisevic wa Kroatia aliingia kwa kadi ya mwaliko, akiwa nambari 125 duniani. Ijumaa alitwaa seti ya kwanza 7-5. Henman akachukua ya pili kwa taibreki, gemu fupi ya kuamua seti ikiwa 6-6, kisha ya tatu 6-0 kwa kama robo saa. Mkroatia alikuwa amepotea kabisa. Henman akiongoza 2-1 katika seti ya nne, mvua ikanyesha, Centre Court, uwanja mkuu wa Wimbledon, haikuwa na paa wakati ule, watu wakaenda kulala. Jumamosi Ivanisevic akarudi mtu mwingine, akachukua taibreki ya seti ya nne huku Henman akiwa pointi mbili tu kutoka fainali. Mvua tena. Jumapili ikaisha 6-3. Servisi kubwa ikipewa usiku wa kupumzika inarudi ikiwa kubwa vilevile, ilhali moto wa mtu anayecheza kwa hisia za mkono hupoa. Paa liliwekwa Centre Court mwaka 2009 na Uwanja Namba 1 mwaka 2019, lakini tatizo halikuisha, kwa sababu kuna amri ya kusimamisha mchezo saa tano usiku kwa ajili ya majirani. Mwaka 2023 Murray alikuwa anaongoza Stefanos Tsitsipas seti mbili kwa moja mechi iliposimamishwa usiku. Kesho yake akapoteza seti mbili za mwisho, 7-6 na 6-4.

Je, kelele za nyumbani zinawalemaza? Husemwa sana na mimi siliamini kwa kiwango hicho. Murray alitwaa Queen's mara tano. Julai 2012 alilia hadharani baada ya kufungwa fainali na Roger Federer, na wiki nne baadaye, uwanja uleule, mashabiki walewale, akampiga Federer 6-2, 6-1, 6-4 kwa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 2013 akamfunga Novak Djokovic 6-4, 7-5, 6-4 na kufuta miaka 77 ya kungoja tangu Perry. Mwaka 2016 akarudia kwa kumfunga Milos Raonic. Kama nyumbani kungekuwa na jini, angekutana nalo yeye kuliko wote.

Tazama gemu ya mwisho ya 2013 uone shinikizo linavyofanya kazi hasa. Murray anaanzisha akiwa 5-4, anafika 40-0, pointi tatu za ubingwa. Zote tatu zinapotea. Djokovic anapata nafasi tatu za kuvunja servisi, yaani kushinda gemu ambayo Murray ndiye anayeanzisha, Murray anaziokoa zote, na pointi ya nne ya ubingwa inaisha kwa mpira wa Djokovic kukwama wavuni. Shinikizo lilikuwepo, mkono ulitetemeka. Kilichomwokoa ni kwamba tayari alikuwa seti mbili na gemu moja mbele, na huko alifikishwa na kupokea servisi za mpinzani. Servisi ya pili ya Murray haikuwa ya kutisha. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kurudisha mpira chini kwenye miguu ya mpinzani, gemu baada ya gemu.

Hilo la kupokea lina hesabu yake, na ndiyo utakayoitumia kwenye simu. Takwimu za kila mechi huonyesha asilimia ya pointi alizoshinda mchezaji alipokuwa anapokea. Akishinda asilimia 30 ya pointi za kupokea, atavunja servisi mara moja katika gemu 10. Akifika asilimia 35, mara moja katika gemu 6. Akigusa 40, zaidi ya mara moja katika gemu 4. Ona jinsi pointi chache zinavyobadili kila kitu. Mwenye servisi kubwa anayepokea kwa 30 atategemea taibreki, na taibreki ni karibu na kurusha shilingi. Akicheza taibreki tatu katika kila mechi, siku moja zitamgeuka, na siku hiyo magazeti yataandika amevunjika moyo mbele ya mashabiki wake.

Upande wa servisi angalia namba mbili. Pointi za servisi ya kwanza: kwa mwanamume kwenye nyasi, chini ya asilimia 70 naanza kuwa na wasiwasi. Za servisi ya pili: akiwa chini ya 50 maana yake kila anapokosa ya kwanza anacheza kwa hasara. Usichukue mechi moja. Chukua zote alizocheza Queen's, Eastbourne au Halle mwezi huo, na uziache kabisa za Roland Garros, shindano la Ufaransa la udongo.

Sasa droo. Wachezaji ni 128, na 32 wanaoorodheshwa hutenganishwa wasikutane kabla ya raundi ya tatu. Wanabaki 96, na 32 kati yao lazima waanze na mmoja wa wale wakubwa. Kwa hiyo Mwingereza asiyeorodheshwa ana nafasi moja kati ya tatu ya kuanza na jiwe. Wenyeji hupata sehemu kubwa ya kadi za mwaliko, nane kwa wanaume, na hizo ndizo hujaza orodha ya majina unayosomewa wiki ya kwanza. Mtu wa nafasi ya 200 duniani kupokea kadi hakumfanyi awe tumaini. Kunampa uzoefu, na pauni 66,000 alizolipwa kila aliyetoka raundi ya kwanza 2025, ambazo kwa mchezaji wa ngazi hiyo ni nauli na kocha wa mwaka mzima.

Chukua basi mwaka huo wa 2025. Waingereza 23 waliingia mashindano ya mmoja mmoja, wanaume na wanawake pamoja. Tuseme kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu katika kila mechi, na huo ni ukarimu. Baada ya raundi ya kwanza watabaki 11 au 12, baada ya ya pili 6, baada ya ya tatu 3, na robo fainali atafika mmoja, pengine wawili. Kilichotokea: raundi ya nne walibaki Norrie na Sonay Kartal, robo fainali akabaki Norrie peke yake, akafungwa na Carlos Alcaraz. Yale yaliyoitwa maafa yalikuwa hesabu ya darasa la saba.

Hata kwa mchezaji mkubwa kabisa, kombe ni mechi saba. Mwenye nafasi ya asilimia 70 katika kila mechi, na huyo ni mchezaji hodari, ana asilimia 8 tu za kushinda zote saba. Mwenye 80 ana asilimia 21. Hata mwenye 90, kiwango cha Federer au Djokovic katika miaka yao bora, hafiki nusu kwa nusu. Kufika robo fainali ni mechi nne, na mwenye 70 atafika mara moja katika miaka minne. Kwa hiyo ukimsikia mtangazaji akisema "mwaka huu ni wake", muulize kimoyomoyo: asilimia 8 au 21?

Turudi kwa Draper, maana yeye ndiye aliyekuumiza. Raundi ya pili alipangiwa Marin Cilic, miaka 36, nje ya wale 32, nambari 83 duniani. Kwenye karatasi ni mechi nyepesi. Lakini Cilic alicheza fainali ya Wimbledon 2017, anapiga bapa, servisi yake nzito, na mpira wake hauhitaji kupanda ndipo uumize. Draper ana mkono wa kushoto wenye nguvu nyingi za msokoto, silaha ambayo kwenye udongo humrukia mpinzani begani, na kwenye nyasi humjia kiunoni, pale anapopapenda. Cilic akashinda 6-4, 6-3, 1-6, 6-4. Droo ikitoka, usiishie kwa majina makubwa. Tafuta wazee wasioorodheshwa waliowahi kufika robo fainali au zaidi Wimbledon, kisha angalia wameangukia jirani na nani. Hao ndio wanaotoa wenyeji, na hakuna anayewataja Jumatatu ya kwanza.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi na yanazungumzwa kidogo. Ile miaka 77 ya Perry na Murray iliimbwa utadhani hakuna Mwingereza aliyetwaa kitu katikati. Angela Mortimer alishinda 1961, tena fainali dhidi ya Mwingereza mwenzake Christine Truman. Ann Jones alishinda 1969, Virginia Wade 1977. Tangu Wade hakuna Mwingereza mwanamke aliyecheza fainali pale. Johanna Konta alifika nusu fainali 2017, wa kwanza tangu Wade mwenyewe 1978, akafungwa na Venus Williams. Emma Raducanu alitwaa US Open 2021 akitokea mechi za kufuzu, kwenye sakafu ngumu, na kuanzia hapo kila Juni anadaiwa Wimbledon kana kwamba ni deni. Mwaka 2025 alimpa Aryna Sabalenka, namba moja wa dunia, mechi ya kweli, hata akaongoza 4-1 katika seti ya pili kabla ya kufungwa 7-6, 6-4. Kwangu hiyo ilikuwa dalili nzuri kuliko ushindi wake wa raundi mbili za mwanzo, kwa sababu alikuwa anaupokea mpira wa servisi akiwa ndani ya mstari na haogopi.

Kama unataka furaha ya uhakika zaidi, fuatilia wawili-wawili. Huko nyasi bado zinalipa voli na servisi ya pembeni, na Waingereza wamo. Julian Cash na Lloyd Glasspool walitwaa taji la wanaume 2025, jozi ya kwanza ya Waingereza watupu tangu Pat Hughes na Raymond Tuckey mwaka 1936. Mwaka mmoja kabla Henry Patten alishinda na Harri Heliövaara wa Finland, na 2023 Neal Skupski na Wesley Koolhof wa Uholanzi. Miaka mitatu mfululizo, na bado tunaambiwa Waingereza hawana bahati nyumbani. Sisi pia tuna letu huko: Angella Okutoyi wa Kenya alitwaa taji la wasichana wawili-wawili 2022 akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, bila yeyote kumwambia kwamba nyasi ni za kwao.

Mwisho ratiba, kwa kuwa unafuatilia kwa simu. London wakati huo wako nyuma yetu kwa saa mbili. Viwanja vya nje huanza saa saba mchana kwa saa za Afrika Mashariki, Centre Court saa tisa na nusu alasiri, na amri ya kusimamisha mchezo huko huwa saa saba usiku kwetu. Ratiba ya kesho hutangazwa siku moja kabla. Ukiona Mwingereza amewekwa mechi ya tatu Centre Court, na mechi mbili za kabla yake zina wanaume wenye servisi kubwa, jiandae kwamba inaweza kukatwa katikati na kumaliziwa kesho yake, na uangalie nani kati ya wawili hao anabebwa na servisi na nani anabebwa na moto wa siku ile.